Kilomita Elfu Moja na Mia Moja

Fundi Saa aliruka ukuta wa karakana yake. Mpelelezi Kurunzi alimdaka mguu akiwa bado hewani.

Wakaanguka pamoja. Bastola ya Glock ikatua shingoni mwa fundi.

"Mzigo wenye bomu uko wapi?"

"Umeshaondoka, mkubwa. Ndege ya saa mbili asubuhi."

Mama yake Kurunzi alikuwa ndani ya ndege hiyo, kiti cha 31C. Safari yake ya kwanza.

"Bomu litalipuka saa ngapi?"

"Saa tisa. Wakati huo litakuwa kwenye ghala la forodha. Wakubwa wanataka ushahidi wa magendo yao uungue. Abiria hawaguswi, naapa! Tiketi inasema ndege inatua saa nane. Nimeongeza saa nzima."

"Saa nane ya huko!" Kurunzi alifoka. "Wako nyuma yetu kwa saa tatu. Safari huchukua saa tisa, siyo sita! Umewahi kupanda ndege wewe?"

Fundi alitikisa kichwa. Miaka thelathini ya kutengeneza saa, na hakuwahi kutoka mjini kwake.

Casio mkononi mwa Kurunzi ilionyesha saa saba na nusu.

Alimfunga pingu, akashika redio yake ya mawasiliano. "Mkuu, bomu liko kwenye shehena. Saa tisa. Watakuwa angani."

Mkuu alimwita rubani kwanza. Kisha: "Rubani ameambiwa. Wako juu ya bahari. Uwanja wa ndege wa karibu zaidi uko kisiwani, kilomita elfu moja na mia moja."

"Mwendo?"

"Mia tisa kwa saa. Upepo ukiwaruhusu."

"Nifanye nini?"

"Huna la kufanya. Kaa kwenye redio."

Kurunzi aliketi kwenye kiti cha fundi. Aliweka bastola mezani, kati ya vigurudumu na springi. Risasi gani ingefika huko? Ukutani saa hamsini zilipiga tik-tik, kila moja ikidai wakati wake.

"Mungu wangu," alinong'ona, "mkono wangu haufiki. Wako unafika."

"Zimebaki kilomita mia sita," redio ilisema.

Kisha: "Mia tatu. Upepo wa mbele umeongezeka. Wanachelewa."

Fundi alikuwa analia sakafuni. "Na mimi niombe?"

"Omba."

Saa nane na dakika hamsini na tatu.

"Wametua! Wanateremka kwa mitelezo ya dharura."

Kurunzi alitazama ukutani.

Saa tisa. Kati ya zile saa hamsini za ukutani, kumi na mbili ziligonga kwa pamoja. Kurunzi alishika redio.

"Mkuu?"

"Mkia umelipuka. Ndani hamkuwa na mtu. Wamehesabu vichwa, wote wametimia."

Kurunzi aliinamisha paji la uso juu ya meza, akabaki hivyo. Baadaye simu ikalia.

"Mama?"

"Mwanangu, wamenitelezesha kama gunia la viazi! Na kiatu changu kimoja kimebaki juu. Wewe uko wapi?"

"Kazini, Mama."

"Kazi gani hiyo isiyokwisha? Ninunulie viatu, nikirudi nivikute. Namba thelathini na nane. Visiwe na visigino virefu!"

Kurunzi alimkabidhi fundi kwa askari aliyefika mlangoni, akavaa miwani yake ya jua, akashika njia ya dukani.