Panya Hawakulala

Restituta aliingia chumbani saa kumi na mbili asubuhi kumwamsha mumewe, akakuta mambo mawili. Maximilian alikuwa amekufa. Na panya wadogo watatu walikuwa wakikimbia kuzunguka chumba kandokando ya ukuta, mikia imesimama wima. Hawakumwogopa hata kidogo. Mmoja alipita juu ya mguu wake.

Panya hao ndio waliomponza Restituta. Alipiga yowe, majirani wakaja, wakaona. Saa mbili, Sajini Sada alipofika kijijini Michenga na baiskeli iliyojaa matope, uani palikuwa na watu kama hamsini, na hakuna aliyekuwa akilia. Ilikuwa Aprili 1996, mafuriko yameshaingia kwenye migomba, lakini nani alikuwa na habari na mafuriko siku hiyo?

"Februari mtoto, leo mume," alisema Dionisi, mdogo wa marehemu. "Afande, wale panya wametumwa. Saa kumi jioni tunampeleka shemeji kwa mganga akanyolewe uchawi. Akishanyolewa, aondoke. Watoto watabaki kwetu."

Sada aliwajua walionyolewa. Wanarudi na vipara, hakuna anayewasalimu, hata kisimani wanapishwa. Mmoja hakuwahi kufika nyumbani.

Alimkalisha Restituta jikoni.

"Jana alikula nini?"

"Uji tu, alikuwa na homa. Nilipika sufuria moja, watoto wakanywa, wazima hao hapo. Bakuli lake alipeleka Dionisi. Dokta Eustaki akamsagia klorokwini humo, akakoroga na sukari."

"Saa ngapi?"

"Saa moja jioni. Saa mbili alikuwa anakoroma. Pumzi moja, kimya kirefu, halafu nyingine. Nikamfunua macho, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Dokta akasema tumwache, homa inashuka."

Eustaki hakuwa daktari. Alikuwa na duka la dawa barabarani, na kabla ya hapo alifanya usafi miaka tisa katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya mbali. Lakini kijijini nani ataulizia cheti? Mtu mpole, anaongea taratibu, na asubuhi hiyo ndiye aliyekuwa akiwagawia wafiwa maji.

Dionisi, yeye, alikuwa amegombana na kaka yake wiki nzima kwa ajili ya shamba la mpunga. Alipoulizwa habari ya bakuli, alijibu habari ya shamba. Katika orodha yake, Sada akaanza na jina la Dionisi. Kisha akafunga bakuli lililobaki chumbani, lenye uji ulioganda na nyayo za panya kwenye mfuko wa nailoni, akapanda baiskeli kwenda Ifakara.

Saa sita alikuwa kwa mzee Stanislaus, mtunza panya weupe wa kituo cha utafiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mikia wima, unasema? Na wanazunguka?"

Hakucheka. Alimnywesha panya mmoja matone ya ule uji. Baada ya dakika ishirini mkia ulisimama, na panya akaanza kukimbia kuzunguka kizimba bila kupumzika. Mzee akamdunga dawa inayotumika kuwaamsha wagonjwa waliozidiwa na mofini. Mkia ukashuka. Panya akatulia, akajilamba.

"Mofini," alisema Stanislaus. "Dawa ya maumivu ya wanaopasuliwa hospitalini. Ubongoni kuna vipokezi, chukulia ni matundu ya kufuli. Mofini ndiyo ufunguo wake. Kwetu sisi ufunguo huo unalaza, ukizidi unakata pumzi. Kwa panya hawa wadogo unafungulia miguu. Wapo wasomi wanaobisha mpaka wamwone panya mwenyewe."

Saa tisa na nusu walirudi wawili Michenga. Restituta alikuwa amefungwa mikono kwa khanga yake mwenyewe, na mfukoni mwa Dionisi kulikuwa na wembe mpya. Sada aliweka kizimba chini mbele ya watu wote. Panya waliyemnywesha njiani alikuwa akikimbia humo, mkia juu.

"Huyu ameonja uji wa Maximilian," alisema. "Ulitiwa dawa. Uchawi haupo."

Watu walisogea. Dionisi aliinamisha kichwa. Aliyecheka ni Eustaki, taratibu kama kawaida yake.

"Afande, unatuchezea. Angekuwa amekunywa mofini, panya huyo angekuwa amelala."

"Dokta," Sada alisema, "mimi nimesema dawa. Mofini umeitaja wewe."

Eustaki alitazama kizimba. Panya alikuwa bado anakimbia.

"Jumatatu ijayo tulikuwa tunakwenda wilayani," Restituta alisema. "Kusema habari ya ile sindano. Huyu alimchoma mwanangu Februari, hata mlangoni hatukufika, mtoto akakata roho."

"Nilimpigia magoti mumeo aniache," Eustaki alisema. "Akaniambia mtoto hawezi kusema, atamsemea yeye."

"Na huyu mama ukamwachia uchawi?" Sada aliuliza.

"Panya walileta wenyewe hilo. Mimi nilinyamaza tu."

Sada alimfunga pingu. Dionisi alifungua khanga.

"Shemeji," alisema.

Restituta alinyoosha mkono. "Nipe huo wembe."

Dionisi alirudi nyuma.

"Nipe. Nina msiba wa mtoto, nina msiba wa mume, na hamkunipa nafasi ya kunyoa hata mmoja."

Akauchukua, akakaa mkekani, akalowesha kichwa, akaanza kujinyoa mwenyewe. Ndipo uani watu wakaanza kulia.