Aliyeita Mahudhurio

Jioni ile nilitoka nyumbani kupeleka daftari.

Lilikuwa daftari la Hisabati la Limi, mtoto wa darasa la pili. Alilisahau chini ya dawati, na kesho yake kulikuwa na jaribio. Kwao si karibu. Ukitoka shuleni kwetu hapa Msowero unavuka korongo, unapita katikati ya mashamba ya mahindi, ndipo unalifikia zizi la baba yake, Shimba, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kanda ya ziwa. Jua lilikuwa limeshagusa milima. Nikajiambia nitafika kabla ya giza.

Nilikuwa katikati ya mahindi niliposikia mwalimu akiita majina.

"Mathayo Rafaeli."

"Nipo, mwalimu."

Nikasimama. Watoto walikuwa wamekwenda makwao tangu mchana.

"Obed Lucas."

"Nipo, mwalimu."

Obed ana sauti ya kukwaruza kama ya mzee aliyeamka sasa hivi. Ilikuwa yake kabisa. Lakini si sauti ya Obed iliyonifanya nishike bua la hindi. Ilikuwa sauti ya huyo mwalimu. Taratibu, yenye kuvuta kidogo jina la mwisho...

Ilikuwa sauti yangu.

Naitwa Gaudiosa. Nimefundisha watoto wadogo miaka ishirini na minane. Mvua za kwanza zilipoanza, alifika shuleni bwana mmoja kutoka Mikumi, anaitwa Cleopa, kwenye gari jeupe lenye nembo ya kampuni ya nje. Alituwekea programu kwenye simu zetu. Hakusema neno. Alishika simu yake mbele yetu, simu ikaeleza kila kitu kwa Kiswahili kizuri, yeye akatabasamu tu. Tukaona ndiyo ustaarabu wa siku hizi.

Programu ilikuwa ya kusaidia mahudhurio. Unaiweka simu mezani, unaita majina, watoto wanaitika, yenyewe inasikia na kuweka alama. Kabla ya kuanza iliniuliza niruhusu hiki, nikubali kile. Nikabonyeza "Kubali" mara kumi na moja bila kusoma. Mimi, ambaye kila siku nawaambia watoto: soma swali mpaka mwisho, ndipo ujibu.

Kisha ikaanza kuniuliza maswali. Kila jioni, kwa upole. Leo Doris alionekana mchovu, kwa nini? Obed anarudi nyumbani kwa njia ipi? Mathayo anaogopa nini? Nilijibu yote, na nitasema ukweli: nilijibu kwa furaha. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza habari za wanafunzi wangu namna hiyo.

Wiki ile ya daftari iliuliza: Nyumbani wanamwitaje?

Nikaamua kuanzia chini ya orodha. Wa mwisho alikuwa Limi, namba arobaini na tatu, kwa kuwa alihamia katikati ya mwaka. Alitazama dirishani kwanza, ndipo akaniambia sikioni.

"Kalekwa. Lakini Bibi amekataza lisitajwe nje, mwalimu."

"Mimi si mtu wa nje, mwanangu."

Nikaliandika.

Mchana wa siku hiyo ya daftari, Winnie, namba arobaini na mbili, naye aliniambia la kwao. Hilo sikuwa nimeliandika bado.

Sasa nilikuwa nimesimama shambani na giza linashuka. Upepo haukuwepo. Majani ya mahindi yalikuwa yametulia kabisa. Ila kulikuwa na harufu... Harufu ya chaki. Chaki iliyolowa.

Ile sauti ikafika kwa mvulana wa mwisho. Kisha nikasikia ukurasa ukifunuliwa. Kisha kikohozi kidogo. Kikohozi changu. Nakohoa hivyo kila asubuhi ninapomaliza wavulana.

"Wasichana," ikasema. "Namba ishirini na mbili. Doris Gabrieli."

"Nipo, mwalimu."

Sijui ni nini kilichonifanya nielewe. Labda ni yale maswali ya jioni yaliyojipanga kichwani mwangu, moja baada ya jingine, kama watoto mstarini. Anapita wapi. Anaogopa nini. Wanamwitaje. Hakuna mtu anayeuliza hivyo kuhusu mtoto ambaye hamtafuti. Na jina la nyumbani nililokuwa nimeliandika lilikuwa moja tu, la Limi.

Nikakimbia.

Nina miaka hamsini na mitatu na goti langu la kushoto ni bovu. Nilikimbia. Kila nilipopiga hatua sauti ilikuwa pale pale, kushoto kwangu, wala haihemi.

"Ishirini na tisa."

"Nipo, mwalimu."

"Thelathini na nne."

"Nipo, mwalimu."

Nilipotokeza kwenye uwanja wa Shimba, ng'ombe walikuwa wamesimama zizini wote, wamegeuzia vichwa mahindini. Bibi yake Limi alikuwa ameketi kando ya moshi wa samadi kavu, anatikisa kibuyu cha maziwa. Limi alikuwa miguuni pake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mbona unahema?" Akaelekeza kidevu shambani. "Na hao watoto wako wanasomeshwa nini giza hili?"

"Bibi, sikiliza. Si mimi ninayeita."

"Ni wewe. Nakusikia."

"Bibi. Mimi niko hapa."

Kibuyu kikaacha kutikisika.

"Arobaini na mbili. Winnie Ulimboka."

"Nipo, mwalimu."

Nikapiga magoti, nikamvuta Limi kifuani, nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Usiitike," nikamnong'oneza. "Hata ukisikia nini. Usiitike."

Alinitazama kwa mshangao. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mwalimu akikuita, unaitika papo hapo.

"Limi Shimba."

Limi alishtuka mikononi mwangu.

"Limi Shimba?"

Nilihisi midomo yake ikihangaika chini ya kiganja changu. Nikaminya zaidi. Mungu anisamehe, nilimminya mtoto yule.

"Limi hayupo?" sauti ikasema. Kwa huzuni kidogo, vile ninavyosema mimi. "Nani amemwona Limi?"

Nilihesabu mpaka ishirini. Nikaanza kuamini kwamba imekata tamaa. Ndipo ikaita tena, chini chini, na safari hii haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya mwanamke mwingine. Kijana. Aliyechoka sana.

"Kalekwa..."

Kibuyu kikaanguka. Maziwa yakamwagika kwenye majivu, yakachemka.

Limi aliniuma. Meno yake yaliingia nyamani, mkono wangu ukaachia, naye akaitika. Hakusema "Nipo, mwalimu." Aliitika kama binti anavyoitika akiitwa na mama yake.

"Abee!"

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Niliitoa. Kwenye kioo paliandikwa: Asante, mwalimu. Namba 43 imekamilika.

Limi alikuwa amefungua mdomo. Alikuwa analia. Niliona koo likipanda na kushuka, niliona machozi.

Hakuna kilichosikika.

Shimba alitoka zizini akatukuta hivyo. Bibi alimweleza mwanawe kwa Kisukuma, maneno machache. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama yake Limi alifariki siku alipomzaa," Bibi akasema. "Hilo jina alilitamka yeye, mara moja tu, akakata roho, likampotea. Tangu hapo analitafuta, amwite mtoto kwake. Mvua zikianza tunamsikia, anapita nje ya nyumba, anajaribu majina. Hajawahi kulipata. Nani amempa?"

Ningeweza kunyamaza.

"Ni mimi, Bibi. Nililiandika kwenye simu."

"Ukampa nani?"

Nilisomea ualimu, nimefundisha watoto zaidi ya elfu moja kusoma na kuandika, na yale niliyoyakubali sikuyasoma.

"Sijui."

Shimba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua simu mkononi mwangu, akaipasua kwa kichwa cha shoka, akaitia motoni, na yaliyobaki akayafukia chini ya samadi.

Kesho yake jua lilipozama, sauti yangu iliita mahudhurio kutoka mahindini. Ilipofika namba arobaini na tatu ikaita, "Limi Shimba."

Na Limi akajibu kutoka shambani, vizuri kabisa, "Nipo, mwalimu." Wakati huo alikuwa ameketi mbele yangu, mdomo umefungwa.

Zahanati walimpima koo, wakasema ni zima. Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la kwanza mpaka Kilosa, nikabadilisha nikaenda Mikumi. Ofisi ya mradi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri vya malori. Meza, kiti, sanduku la simu mpya. Cleopa aliponiona alisimama, akatabasamu lile tabasamu lake.

"Kaka Cleopa, nimekuja kukuomba. Nifutie taarifa za mtoto mmoja. Mmoja tu."

Alivuta karatasi. Akaandika: Kwenye simu naweza kufuta. Huko zilikokwenda siwezi.

"Mbona unaandika? Ongea na mimi!"

Tabasamu lilimtoka. Akafungua mdomo, akanionyesha. Koo likapanda, likashuka. Hakuna kilichosikika.

Nilikaa kwenye kiti chake bila kukaribishwa.

Akaandika: Nilibonyeza kabla yenu.

"Nani anazipokea?"

Akaandika: Sijawahi kumwona. Anauliza tu.

"Mama yake Limi amekufa. Amekufa, Cleopa! Amelipataje jina kutoka kwenye simu?"

Akaandika polepole: Labda naye ameulizwa. Kisha akaongeza: Labda na wafu wanabonyeza.

"Sauti inarudi?"

Akaandika: Anayeuliza aliniambia nimletee wengine, ndipo irudi. Nimeleta mia sita na wanne. Bado nasubiri.

Hapo mezani simu yake ikawaka. Ikaita jina, kwa sauti ya mwanamume mcheshi, sauti ya mtu anayependa kutania wenzake. "Cleopa! We Cleopa bwana!" Yule bwana akaziba masikio kwa mikono miwili, akajikunja pembeni mwa chumba. Nikaelewa ni sauti ya nani.

Nilirudi Msowero. Darasani siiti majina tena. Watoto wananyoosha mikono, nami naandika kwa peni kwenye daftari la karatasi. Mwalimu mkuu, Melkizedek, ameniuliza kwa nini, nikamwambia koo linaniuma. Wazazi wanawaingiza watoto ndani mapema, wanawasha redio. Wengine wameanza kusema kwamba mwalimu Gaudiosa ni mchawi, kwa kuwa sauti wanayoisikia jioni ni yake. Siwezi kuwakatalia. Ni yangu kweli.

Mvua imekata, mahindi yameanza kukauka. Kila jioni nakwenda kwa Shimba kumfundisha Limi kwa kalamu na karatasi. Jana tulikuwa tumeketi nje, tunafanya hesabu za kujumlisha. Bibi alikuwa ndani. Jua likazama. Ng'ombe wakageuza vichwa.

Harufu ya chaki.

Nilisubiri iite mahudhurio. Haikuita. Badala yake ilikuja sauti ndogo, karibu mno, pale mahindi yanapoishia. Sauti ambayo kwa wiki tano nilikuwa nikiisikia ikisema "Nipo, mwalimu" tu. Nikaisikia, nikaanza kulia kabla hata sijaelewa maneno.

"Mwalimu..."

Limi aliweka penseli chini.

"Mwalimu, mimi Limi. Huku kuna giza. Nataka kurudi kwa Bibi."

Nilijizuia. Nilishika ukingo wa kigoda kwa mikono yote.

"Wamesema nitarudi, mwalimu. Wameuliza kitu kidogo tu." Kisha, kama mtoto anayekumbuka alichotumwa: "Winnie nyumbani kwao wanamwitaje?"

Hilo jina halikuandikwa popote. Simu iliungua kabla sijaliandika. Liko kichwani mwangu peke yake. Tangu nitoke Mikumi nalala na kitambaa nimekifunga mdomoni, nisije nikalitamka usingizini.

Limi wangu, yule wa kushikika, alisogea. Akapanda mapajani mwangu. Akainua mkono, akaniziba mdomo kwa kiganja, vile vile nilivyomziba siku ile. Alikuwa anatikisa kichwa. Machozi yalimtiririka, na midomo yake ikarudia neno moja, mara nyingi, bila sauti.

Ilikuwa "usiitike." Au ilikuwa "niokoe." Nimefundisha kusoma miaka ishirini na minane, na midomo ile sikuweza kuisoma.

"Mwalimu... niambie tu. Nirudi."

Kiganja cha mtoto wa miaka minane ni kidogo. Hakifuniki mdomo wote wa mtu mzima.