Mtoeni Nje Nimwone

Jovina alikaa chumbani na mwanawe mchanga, Emilian. Nje, majirani wa kijiji cha Kirushya walikuwa wakipepeta maharage na kucheka. Yeye hakuwa na la kumchekesha. Mtoto alikoroma kama mzee. Kidevu chake kilikuwa kidogo mno, kimerudi nyuma. Kila akinyonya, maziwa yalimtoka puani.

Katika ukoo ule, kitovu kikidondoka mtoto hutolewa nje, majirani wamwone. Emilian hakutolewa.

"Watatucheka," alisema Leonsia, mama mkwe. "Mlaze chali umnyweshe. Mungu akimtaka, atamchukua."

Jovina alimlaza chali. Angefanyaje? Kifungua mimba wake, Happy, alikuwa na kidevu kile kile. Walimficha hivyo hivyo, akafia humo humo ndani. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilishapita nyumba ile. Jovina alikuwa amekata tamaa kabisa.

Asubuhi hiyo Emilian alipaliwa. Midomo ikageuka bluu.

"Jamani, anakufa!" Jovina alipiga yowe. Aibu ikamtoka, akakimbia naye nje mbele ya watu wote.

Evarista, mhudumu wa afya wa kijiji, alitupa ungo. Akampokea mtoto, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake. Ulimi ukaja mbele. Mtoto akavuta pumzi, akalia.

"Taya lake ni dogo," alisema Evarista. "Akilala chali, ulimi unarudi nyuma na kuziba koo." Akammulika kinywani kwa tochi ya simu. "Loo, na kaakaa lina tundu. Ndiyo maana maziwa yanapita puani."

"Si laana?" aliuliza Leonsia.

"Laana wapi, mama! Amezaliwa hivyo tu. Twende hospitali sasa hivi. Njiani tumshike kifudifudi, tusimwondolee macho."

Hospitalini wauguzi walimfundisha Jovina kumlaza mtoto kifudifudi na kumwangalia. Alikamua maziwa yake, akamnywesha kwa kikombe, polepole, akiwa amemkalisha wima. Emilian akanenepa. Daktari akasema kaakaa litashonwa akikua kidogo.

Waliporudi, Leonsia mwenyewe ndiye aliyemtoa mtoto nje. Vigelegele vikapigwa. Jovina alitazama migombani, alikozikwa Happy.

"Dada Evarista, kumbe hata Happy angepona?"

Evarista hakumdanganya. "Huenda angepona."

Jovina alilia sana. Leonsia naye alilia.

Siku hizi mtoto akizaliwa Kirushya, Jovina hubisha hodi mapema, Emilian yupo mgongoni.

"Mtoeni nje," huwaambia. "Nimwone."