Marehemu wa Ghorofa ya Nne

— Bosi, sahihi hii unaijua, au nikusomee?

Naibu alisukuma daftari jekundu mezani, akaweka kidole chini ya mstari. Mkuu wa Dawa hakuhitaji kusomewa. Mwandiko ule wenye mikia mirefu ndio ulioandika majina kwenye bahasha za harusi yake, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki ijayo.

— Ya Koplo.

— Ya Koplo. Kila mwezi, kwa wazee watano.

— Najua. Wazee hawaiwezi foleni, anawachukulia. Nilimruhusu mwenyewe.

— Sawa, ana huruma. Ila wiki hii wazee wote watano wamemlilia daktari kwamba maumivu yamerudi. Daftari linasema kila mmoja amepata vidonge sitini. Mtu aliyemeza sitini halii hivyo, Bosi.

— Umewauliza?

— Nimewauliza. Wamenitazama kama ukuta. Mmoja akaniambia nikamuulize mama yangu.

Hospitali ile iliwekwa kwa ajili ya askari wastaafu, watu waliopelekwa vitani na miguu miwili, wakapigiwa saluti, waliporudi na mmoja wakaambiwa wapange foleni. Kilichowawezesha kunyanyuka kitandani asubuhi ni idara ya famasia, na mwanamke huyu ndiye aliyeiongoza, mwaka wa tatu sasa. Koplo alikuwa mmoja wao. Aliacha mguu wa kushoto huko alikotumwa, kuanzia gotini kwenda chini. Siku hizi alitengeneza miguu bandia kwenye karakana nyuma ya hospitali, na wa kwanza kuutengeneza ulikuwa wake.

— Kamati ya ukaguzi inakuja Ijumaa, Naibu alisema. Ukimtaja wewe, umejisafisha. Nikimtaja mimi, watasema ulimfunika kwa sababu ni mchumba wako.

Sauti yake ilikuwa laini kama pamba ya kidonda. Mkuu akajiuliza, na si mara ya kwanza, kama huyu mtu anamlinda au anapima upana wa kiti chake.

— Leo ni Jumanne, alijibu. Niachie daftari.

Saa saba Koplo akaingia ofisini na mkate, mikono imejaa plasta nyeupe ya karakana mpaka kwenye viwiko.

— Mkuu! Nimekuja kukaguliwa.

— Kanawe kwanza.

— Hata salamu hakuna? Tukioana nitakuwa naomba kibali cha kukohoa.

Akaacha simu mezani, akaenda kunawa. Maji yalipoanza kutiririka, simu ikalia mara moja. Hakuigusa, haki ya Mungu hakuigusa. Maneno yenyewe ndiyo yaliyojitokeza kwenye kioo, kutoka kwa mtu aliyeandikwa *Fundi Ngozi*:

*Vimebaki viwili tu. Leo saa kumi usikose. Na mchumba wako asijue.*

Koplo akarudi anapangusa mikono kwenye suruali.

— Simu yako imelia.

Akaitazama, akaigeuza kifudifudi.

— Fundi wa ngozi. Yule wa mikanda.

— Anasemaje?

— Ngozi imefika.

Alilisema hilo anatafuna, bila kupepesa jicho. Mkuu akamtazama yule mtu aliyempenda tangu siku alipokuja dirishani kugombea dawa ya mwenzake, akakataa kuondoka mpaka akaipata. Kumbe uongo wake ulikuwa na sura ileile.

— Leo jioni tukapime pete?

— Leo sitaweza, mpenzi. Kuna mzee mguu unambana, lazima niusugue. Saa kumi hivi.

— Karakana?

— Niende wapi kwingine na kigogo changu hiki?

Alipotoka tu, Mkuu akampigia dada yake.

— Dada, mwanamume akiandika jina la uongo kwenye simu, maana yake nini?

— Jina la mwanamume au la mwanamke?

— La fundi.

— Basi huyo fundi ana hereni. Mdogo wangu, nguo nimeshashona, usiniaibishe. Mfuate ukaone kwa macho yako, kisha ndiyo uje kulia.

Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa mbele ya karakana. Mlango ulikuwa na kufuli. Akapiga simu.

— Uko wapi?

— Karakana. Nasugua.

— Mbona nasikia magari?

— Dirisha liko wazi, mpenzi. Nikuletee nini jioni?

Mkuu akageuka. Ng'ambo ya lango, Koplo alikuwa anavuka barabara, simu sikioni, mfuko wa karatasi kwapani.

— Usilete kitu, alisema, akakata.

Alimfuata kwa mbali. Si kazi ngumu kumfuata mtu wa mguu mmoja. Kazi ilikuwa kutomkimbilia. Mitaa mitatu, kisha jengo la ghorofa lenye rangi iliyobanduka na ngazi zisizo na taa. Koplo alipanda kwa kuvuta mguu, akisimama kila baada ya ngazi tano, akitukana kwa sauti ndogo, akiendelea. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Mkuu, chini yake, alihesabu pumzi zake. Mwanamke gani huyu anayestahili ngazi zote hizi?

Ghorofa ya nne mlango ukafunguliwa kabla hajabisha. Mwanamke wa makamo, gauni la nyumbani, nywele hazijachanwa, akamshika mkono.

— Umechelewa. Nilidhani umebanwa.

— Alinipigia njiani. Kidogo nianguke.

— Hajui?

— Hajui kitu.

— Sasa anajua, Mkuu alisema, akipanda ngazi ya mwisho.

Koplo akageuka, uso umemshuka.

— Mpenzi...

— Usiniite hivyo mbele ya fundi wako wa ngozi! Nipe huo mfuko.

— Nisikilize kwanza.

— Nipe!

Akaunyakua. Ndani, kwenye kipande cha gazeti, vidonge vyeupe. Alivijua hata bila kuviona, kwa ule mkwaruzo wao kwenye karatasi. Jicho lake la kazi likavihesabu: hamsini kamili.

— Wazee watano, vidonge kumi kumi, alisema. Unawaibia watu wanaokuamini. Wanalia kwa maumivu, wewe unaleta kwa hawara. Mnamuuzia nani?

Yule mwanamke akamtazama kutoka viatu mpaka kitambulisho kifuani. Hakupandisha sauti.

— Kumbe wewe ndiye Mkuu wa Dawa. Karibu, mama. Ingia umwone marehemu wako.

Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililofunikwa kwa shuka. Kitandani alilala mwanamume mwenye mabega makubwa. Chini ya mapaja, blanketi lilikuwa tambarare. Alikuwa ameuma pembe ya mto, na jasho lilimtiririka kama mtu aliyetoka kukimbia.

— Mpe vidonge kwanza, mwanamke alisema. Maneno baadaye.

Koplo akanyoosha kiganja. Mkuu akamwekea vidonge viwili. Walisubiri, hakuna aliyekaa, mpaka meno ya yule mtu yalipoachia mto.

— Ahsante, mama, mgonjwa alisema. Na ahsante kwa kunizika bila kusumbua majirani.

— Sikuelewi, mzee.

Mkewe akafungua droo, akamkabidhi kadi ya hospitali. Namba ya jeshi, jina la dawa, kisha mhuri mwekundu umekatiza kadi nzima: AMEFARIKI. IFUNGWE. Chini ya mhuri, sahihi. Mkuu aliitambua hiyo pia. Ilikuwa yake.

Kanuni ile aliitunga mwenyewe mwaka wake wa kwanza: asiyefika dirishani miezi mitatu bila taarifa, kadi yake ifungwe, maana vidonge vya waliokufa vilikuwa vinaibwa. Mwezi wa kwanza mwaka huu Naibu aliandaa orodha, yeye akapiga mihuri asubuhi moja, huku anakunywa chai. Kwenye mkutano walimpigia makofi. Wakubwa wa nchi hii wana makofi mengi kwa mtu anayepunguza foleni, na hakuna hata mmoja wao anayeuliza waliopunguzwa wamekwenda wapi.

— Vidonda vilifunguka, mke alieleza. Miezi minne hakushuka ngazi. Nikaja mimi dirishani. Nikaambiwa lazima aje mwenyewe na barua ya ofisi ya wastaafu. Ofisi ya wastaafu wakaniambia barua hawamwandikii aliyekufa.

— Kwa nini hamkuniona mimi?

— Nilikuona mimi, Koplo alisema.

— Lini?

— Mwezi wa pili. Mezani kwako. Nilikwambia kuna mwenzetu amefungiwa kadi na hawezi kushuka ngazi. Unakumbuka ulinijibu nini?

Alikumbuka. Alikuwa anajaza ripoti, hakuinua hata macho. *Aje mwenyewe, Koplo. Nikimfungulia mmoja, watakuja mia.*

— Ningekwambia tena, ungelazimika kuandika, Koplo aliendelea. Ukishaandika, wale watano nao wanafungiwa, maana hawafiki dirishani wenyewe. Basi wakasema wenyewe: tumkatie kumi kumi. Huko tulikopelekwa biskuti moja tuliikata vipande sita. Hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu.

— Mnajua mngeweza kumuua? Dozi ya mtu si ya mtu mwingine! Na hao watano mmewaacha wanaumia!

— Ulishamuua wewe, mama, mke alisema. Kwa kalamu. Sisi tulikuwa tunajaribu jaribu tu.

Yule mtu kitandani akacheka, kisha akakunja uso, kicheko kimemuuma.

— Mke wangu, muache. Kaja kwenye msiba, na hata maji hujampa.

Walirudi pamoja hospitali. Langoni Mkuu akasema:

— Ulinidanganya machoni, huku unatafuna mkate.

— Ndiyo.

— Tangu mwezi wa pili. Kila siku. Nitajuaje uongo wako mwingine uko wapi?

— Na mimi nitajuaje siku nikishindwa kutembea hutanipigia mhuri?

Walilala kila mtu kwake, na bahasha za harusi zikabaki mezani.

Alhamisi asubuhi akamwita Naibu.

— Ile orodha, ulithibitisha kwamba wamekufa?

— Kanuni haikusema tuthibitishe, Bosi. Mimi niliandika tu. Sahihi ni yako.

Ndilo lililomuuma Mkuu zaidi: Naibu hakuwa amesema uongo.

Ijumaa, kabla ya saa tatu, ujumbe ukaingia kutoka kwa Naibu: *Kamati wamefika. Niandike jina la Koplo? Sema ndiyo tu, wewe utabaki salama.*

Mkuu akakaa na simu mkononi. Neno moja, na angebaki na ofisi, na jina, na funguo za kabati. Koplo angefungwa, mtu wa ghorofa ya nne angekufa kweli, na daftari lingekuwa sahihi kuanzia mwanzo. Kila kitu kingelingana.

Aliingia chumba cha mikutano na boksi. Akalimwaga juu ya meza ndefu.

— Kadi thelathini na nane, alisema. Watu niliowaandika wafu bila kumwona hata mmoja. Mmoja nimezungumza naye Jumanne.

— Tumekuja kwa ajili ya vidonge vilivyopotea, mwenyekiti wa kamati alisema.

— Havikupotea. Waliokuwa navyo walimgawia mwenzao ambaye mimi nilimnyima. Aliyevibeba ni mchumba wangu. Amevunja sheria, na nimeiandika ripoti hiyo, hii hapa, jina lake limo. La kwangu ndilo la kwanza.

— Unajua unachojifanyia?

— Najua. Nilichowafanyia wao ndicho sikukijua. Na nyie mlinipigia makofi, mwenyekiti. Ulikaa kiti hichohicho.

Mwenyekiti akakohoa, akatafuta miwani ambayo ilikuwa usoni kwake.

Uamuzi ulitoka mchana. Mkuu kavuliwa uongozi. Atabaki mfamasia wa dirishani. Koplo haruhusiwi tena kuchukua dawa ya mtu, na kesi yake itasikilizwa na bodi. Naibu anakaimu. Kadi zitafunguliwa moja moja, mradi mwenye kadi athibitishwe kuwa yuko hai.

— Nani atawathibitisha? Mkuu aliuliza.

Wakatazamana.

— Basi nitakwenda mimi.

Koplo alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Akaiona karatasi ya anwani za wale thelathini na nane mkononi mwa Mkuu.

— Nimesikia umenitaja.

— Nimekutaja. Sitaki tuanze na jina lililofichwa.

Akafikiri kidogo, akanyanyuka.

— Twende. Nusu ya hawa nawajua wanapokaa.

Nyumba ya kwanza mzee alikuwa hai, akawatukana. Ya pili hai, akalia. Ya tatu alikuwa amefariki kweli, mwaka uliopita, kabla ya mhuri. Ya nne hai. Ya tano mwanamke mzee alifungua mlango, ndoo mkononi.

— Mnamtaka nani?

— Mume wako, mama. Tunatoka hospitali. Tulimwandika amefariki, tumekuja kurekebisha.

— Mlimwandika lini?

— Mwezi wa kwanza.

Mwanamke akaweka ndoo chini.

— Amefariki mwezi wa tatu.

Mkuu akaikunja karatasi ya anwani.

— Hiyo miezi miwili, mama...

— Hiyo miezi miwili alikuwa anauma godoro. Nenda kaone, sijalitupa.

— Kanuni ile niliitunga mimi. Mkono uliopiga mhuri ni huu.

Mwanamke akasukuma mlango ukafunguka zaidi.

— Ingia uyaseme hayo umekaa. Mimi nimechoka kusimama.

Walikaa saa nzima. Mjane alimsimulia mumewe kuanzia siku aliyoitwa jeshini, hakuruka kitu, na Mkuu hakujitetea hata kwa neno moja. Walipotoka, jua lilikuwa bado kali. Alishika ukuta, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Koplo alisimama kando yake, hakumgusa, hakuondoka.

— Jumamosi ya harusi nitakuwepo, alisema mwishowe.

— Bado unanitaka?

— Nakutaka. Lakini nina hasira na wewe, na sijui kuiondoa haraka. Nadhani nitakuja nayo.

Mkuu akajifuta uso kwa mkono wa koti jeupe.

— Na mimi ninayo yangu. Njoo nayo. Tutazitafutia viti, zikae mbele na dada yangu.

Akaikunjua karatasi, akakata jina la tano kwa kalamu, taratibu. Wakavuka barabara kwenda nyumba ya sita.