Kitelezi cha Nne

Waya wa gitaa ulikuwa umechomolewa na kuviringishwa juu ya kiti, lakini ampli, sanduku la spika la kukuzia sauti yake, iliendelea kuunguruma. Fundi hakushtuka. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akitengeneza ampli katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na miungurumo yote aliijua: wa waya wa ethi ulioachia, wa transfoma iliyochoka, wa taa ya jirani. Huu ulikuwa mwembamba kuliko hiyo. Ulivuma, ukakatika, ukavuma tena, na kila ulipokatika palisikika kijisauti cha kuvuta hewa.

"Inapumua," alisema.

"Basi iache ilale," mkewe alijibu kutoka jikoni. "Na wewe uje ule. Mume wangu, wewe unasikia hata sisimizi wakigombana."

Mkewe, kwenye bendi walimwita Nyuzi. Alipiga gitaa la solo, na aliongea kuliko redio. Fundi hakuwa mtu wa maneno. Walikuwa wamegawana kazi hivyo, mmoja aseme, mwingine asikilize, na ndoa ilikwenda. Ampli ile kuukuu Nyuzi aliitoa kwenye ukumbi uliokuwa ukifungwa. Jumamosi angepiga nayo harusini, na kila alipogusa uzi, kitu kingine kililia chini ya noti zake.

"Kitafute," alimwambia Fundi. "Sitaki kupiga na mtu ambaye hajaalikwa."

Kuna njia ya kutafuta sauti mbaya, na kila fundi wa ampli anaijua. Huanzi kwa kuifukuza. Unaanza kwa kuikuza. Unaunganisha pedali ya ikwalaiza, kile kisanduku cha sakafuni chenye vitelezi saba vidogo vya kupandisha na kushusha, kila kitelezi na tabaka lake la sauti, besi kushoto, trebo kulia. Baada yake unaweka busta, pedali yenye kitufe kimoja, ambayo kazi yake ni kuongeza nguvu tu. Unakanyaga busta. Unapandisha kitelezi kimoja mpaka juu, unasikiliza, unakirudisha katikati, unapandisha kinachofuata. Ukiifikia sauti mbaya, itapiga kelele yenyewe. Hapo unaishusha mpaka chini, na kazi imekwisha.

Kitelezi cha nne ndicho kilichopiga kelele. Haikuwa kelele ya chuma. Ilipanda kama ya mtu aliyeitwa kwa jina akiwa usingizini, na chumba kikanuka nywele zilizoungua, na Nyuzi, aliyesimama na gitaa begani, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Hapo hapo!" alisema kupitia vidole.

Fundi akakishusha mpaka mwisho. Kimya kikaingia. Nyuzi akapiga noti tatu, zikatoka safi, nyepesi, bila mtu mwingine ndani yake. Akacheka. Fundi alimwona akicheka, lakini kicheko kilimfikia nusu tu, kama kimepita nyuma ya pazia.

Siku ya kwanza sauti ya Nyuzi ilikuwa kama ya simu mbovu. Ya pili zilibaki pumzi tu. Ya tatu midomo yake ilikwenda na hakuna kilichotoka. Daktari alimulika koo, akaliona zima, akasema apumzike. Jumamosi Nyuzi alipiga harusini bila neno, na kiongozi wa bendi akampigia Fundi simu kumpongeza. "Gitaa lile sasa! Limesafishika, ndugu yangu!" Fundi akashukuru.

Nyumbani waliandikiana kwenye daftari. *Chumvi imekwisha. Dirisha la bafuni halifungi. Umelala vizuri?* Fundi alisoma, akajibu kwa kichwa. Alijua kwamba angepaswa kulia, au kuvunja kitu. Badala yake aliosha vyombo. Nyumba ilikuwa kama meno baada ya sindano ya ganzi: unayagusa kwa ulimi, yapo, lakini si yako.

Siku ya tisa, saa saba mchana, jua likiwa limejaa dirishani na Nyuzi amejilaza chumbani, Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi akilehemu waya wa redio ya mtu, na nyuma yake ampli, ambayo haikuwa imechomekwa kwenye umeme, ambayo tangu siku ile hakuna aliyeigusa wala kuzigusa pedali zake, ikaanza kuvuma tena ule mvumo mwembamba, ikavuta hewa, ikavuma, ikavuta hewa, kisha ikatoa kitu kilichokuwa karibu na neno, ikakirudia, ikakilainisha, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

"Fun," ilisema. "Fun. Fun. Di."

Ilikuwa sauti ya mkewe.

"Fundi. Njoo ule, Fundi."

Hakukimbia. Alikaa mpaka akasikia harufu, akatazama chini, akaona chuma cha kulehemu kimetoboa ukingo wa benchi.

Mganga ambaye Fundi alimwita alikuja kesho yake saa kumi alasiri, amechelewa, na mkoba kama wa karani. Jambo la kwanza aliomba maji. La pili alisema:

"Uongee ukiniangalia. Mimi ni kiziwi, nasoma midomo. Wenzangu waliokuwa wakisikia wote wameacha kazi hii."

Nyuzi, aliyekuwa mlangoni, akasema kitu. Mganga akaangua kicheko.

"Amesema nini?" Fundi aliuliza.

"Amesema siku kumi anatafuta wa kuongea naye, hatimaye ameletewa kiziwi."

Fundi akamtazama mkewe. Lilikuwa jambo la kwanza la Nyuzi kumfikia tangu siku ile, na lilipita kinywani mwa mtu mwingine. Midomo yake ilikwenda tena, taratibu, bila mzaha.

"Anasema ana baridi," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Anasema anasikia sauti yake ikiongea mahali pengine, na yeye hayupo."

Mganga akapiga magoti, akaweka viganja vyote viwili kwenye kitambaa cha spika. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Alipoviondoa alivifuta kwenye suruali.

"Ulifanya nini, baba? Nieleze kama ulivyofanya."

Fundi akaeleza: busta, vitelezi, cha nne, juu, kisha chini.

"Kwa hiyo ulimwita kwanza, huyo aliyemo ndani."

"Nilimtafuta. Ndivyo tunavyofanya."

"Ulimtafuta kwa kumwita. Akaja mpaka pale, akakaa. Kisha ukachimba shimo pale pale alipokaa. Sauti ya mkeo ilikuwa karibu, ikaanguka humo, na yeye akabaki ndani na mali ya mkeo." Hakusema kwa kulaumu. "Tutafanya hivi. Chomeka umeme. Kirudishe kitelezi katikati, polepole. Sauti ya mkeo itaanzia kwenye spika, ndogo sana, kama mtoto aliye nyumba ya tatu. Usiikuze. Iache itembee yenyewe mpaka kooni kwake. Itachukua saa nzima, labda mpaka jua lizame. Ukiivuta kwa nguvu, atakayekuja ni yule mwenye nguvu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sema."

"Sitaikuza."

Nyuzi akakaa kitini, mikono mapajani. Mganga akamwaga majivu kuzunguka miguu ya kiti, akaanza kusoma maneno yake chini chini. Fundi akachomeka umeme. Akakisogeza kitelezi kwa ncha ya ukucha, na kilipofika katikati aliisikia. Mbali. Ndogo. Ilikuwa Nyuzi, hapakuwa na shaka, akiita kitu kisichoshikika, na ilipanda, ikafifia, ikapanda, ikafifia zaidi, na Fundi, ambaye kwa siku kumi hakuwa amehisi kitu, akahisi kitu kimoja tu, kwamba inapotea, kwamba hapa mbele yake kuna sauti dhaifu na yeye ni fundi, na kwa miaka kumi na tisa kila sauti dhaifu iliyoletwa katika chumba hiki aliifanyia jambo lile lile moja, na mguu wake ukaenda kabla hajaufikiria.

Akakanyaga busta.

"Fundi!" Sauti ikajaa chumba, nene, ya moto, kila herufi mahali pake. "Alhamdulillahi! Nimerudi, mume wangu. Nimepona!"

Fundi akakaa sakafuni. Alikuwa akitabasamu.

"Amerudi," alimwambia mganga. "Unaona? Anasema amepona."

Mganga hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama midomo ya Nyuzi, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Midomo yake haisemi hivyo," alinong'ona.

"Inasemaje?"

"Inasema, huyo si mimi. Inarudia hilo tu." Akaionyesha busta kwa kidole. "Zima, baba. Zima sasa hivi."

Taa ndogo nyekundu ya busta ilikuwa inawaka karibu na kidole cha Fundi.

"Usizime," sauti ilisema, kwa utulivu. "Umekonda, Fundi. Nani amekuwa akikupikia? Njoo ule."

Ulikuwa mzaha wa Nyuzi hasa. Fundi aliutoa mkono wake pale karibu na kitufe, akaupakata. Mganga alisubiri kidogo, kisha akafunga mkoba. Hakudai chochote. Mlangoni alimwinamia Nyuzi kama mtu anayeomba radhi msibani.

Sasa Fundi hufanya kazi akiwa ameupa mlango mgongo. Sauti humpigia soga kutwa nzima: majirani, bendi, bei ya vitunguu. Huchekesha kama zamani. Wakati mwingine, nyuma yake, kiti husogea, na mkono huja begani mwake, mwepesi, wa baridi, vidole vyenye sugu za nyuzi za gitaa, ukamgonga mara mbili, mara tatu, kama wa mtu anayeomba atazamwe.

"Ni mimi tu," sauti husema kutoka kwenye spika. "Endelea na kazi."

Na Fundi huendelea na kazi.