Ngazi Iliyopimwa kwa Mguu Mmoja

Sogeeni karibu, jirani zangu, na wewe uliyenunua msumeno juzi ukae mbele kabisa. Habari hii naijua kwa sababu mimi na familia ya fundi viatu tunagawana ukuta. Wakikohoa nasikia, wakicheka nasikia, na kwa miaka mingi walikuwa watu wa kucheka.

Nyumba yao ni ndogo. Chini kuna karakana ya viatu, na nyuma yake jiko na choo. Juu kuna vyumba viwili vya mbao, kimoja cha fundi na mkewe, kingine cha mama yake. Kila asubuhi mama huyo alishuka, akakaa mlangoni na kutania wateja. "Kisigino kimelika upande mmoja," angesema akigeuzageuza kiatu. "Huyu jioni haendi nyumbani moja kwa moja."

Goti lake la kushoto lilikuwa gumu. Kwa hiyo alitanguliza mguu mbovu, akauleta mzima kando yake kwenye kidato kilekile, akapumzika, kisha akaenda kingine. Ngazi ya zamani ilikuwa pana, ikamvumilia.

Tatizo ni kwamba ngazi hiyo ilikula theluthi ya karakana, na fundi alikuwa amepata mashine kubwa ya kushonea soli. Akaona kwenye simu picha ya ngazi nyembamba, imesimama wima, kila kidato kimekatwa nusu: nusu ya kulia kwa mguu wa kulia, nusu ya kushoto kwa wa kushoto, zikipokezana hadi juu. Akasema ataitengeneza mwenyewe.

Seremala wetu, tunayemwita Mzee Randa, alipita akamkuta anakata mbao. "Umempima nani?"

"Nimejipima mimi."

"Na mama je?"

"Mzee, ngazi ni ngazi. Mimi nina miguu miwili, na yeye anayo miwili."

Sasa nawaambia jambo linaloniudhi hadi leo. Mtu huyu hajawahi kukata ngozi kabla mteja hajakanyaga kipande cha boksi, naye akamchora miguu yote miwili kwa penseli. Husema hakuna nyayo mbili zinazofanana, hata za mtu mmoja. Lakini ngazi ya mama yake aliipima kwa mguu wake mwenyewe. Kinyozi hajinyoi, kweli.

Ilipokamilika tuliitwa kuiona. Mimi niliisifu, sifichi. Mama alipanda vizuri, akivuta kwa mikono. Taabu ilikuwa kushuka. Akatanguliza mguu wa kushoto, akataka kuleta wa kulia kando yake kama alivyozoea, na pale kando hapakuwa na ubao. Akabaki ananing'inia kwa mikono. Ndala yake ikaanguka sakafuni.

"Mguu mmoja mmoja, Mama!" fundi akasema, akicheka kidogo. "Utazoea."

"Nitazoea, mwanangu," akajibu. Akajivuta kwa mikono, akarudi juu.

Toka siku ile kiti cha mlangoni kikawa kitupu. Ukiuliza, unaambiwa amepumzika. Mimi nilisikia nyayo zake ukutani: zinatoka chumbani, zinafika juu ya ngazi, zinasimama, zinarudi. Baada ya muda tena vilevile. Nikajiambia ya nyumba za watu hayanihusu, nikaendelea kuosha vyombo. Nilikuwa na wasiwasi, na bado nikaviosha.

Siku ya nne nilimsikia mkewe fundi. "Mume wangu, Mama hanywi maji. Kikombe cha asubuhi nakikuta jioni kimejaa."

"Labda hana kiu."

"Siku nne? Anaogopa kushuka chooni! Nimempelekea ndoo, ameona haya, amekataa."

"Basi Jumamosi nitaweka ubao wa kushikia."

Jumamosi ikaja na wateja wake, ikapita.

Jumapili asubuhi mkewe akapiga kelele, nami nikakimbia. Mama alikuwa sakafuni kando ya kitanda, midomo imekauka, akimwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Alihitaji hospitali, na haraka. Lakini angeshukaje? Ngazi ile haikuweza kubeba watu wawili sambamba. Fundi alimnyanyua mikononi, akafika ukingoni, akakwama, kwa sababu hakuona pa kukanyaga.

"Usimbebe hivyo!" Mzee Randa, naye aliyeletwa na kelele zile, akapaza sauti kutoka chini. "Mfunge mgongoni!"

Tukamfunga kwa shuka, kama mtoto mchanga. Fundi akageuka, akaanza kushuka kinyumenyume. Na ngazi aliyoipima kwa mguu wake mwenyewe ikamkataa. Mguu ukapapasa hewani.

"Kushoto! Chini kidogo. Siyo hapo, hapo hewa!" Mzee Randa akamwelekeza.

Vidato vilikuwa kumi na viwili. Nilivihesabu nikiomba kwa sauti, na sikuona haya. Kwenye cha saba kiatu kiliteleza, Mzee Randa akaweka bega lake chini ya soli na kuusukuma mguu urudi mahali pake. Hapo mama akazinduka kidogo, mdomo wake u karibu na sikio la mwanawe.

"Polepole," akanong'ona. "Utazoea."

Fundi alifika chini akilia.

Daktari alisema mwili ulikuwa umekauka, na kwamba siku moja zaidi angekuwa anatueleza maneno mengine. Mama alilazwa siku tano. Aliporudi, ile ngazi ilikuwa imeshakuwa kuni uani. Fundi alimkalisha kwenye kiti chake, akapiga magoti na kuweka kipande kikubwa cha boksi sakafuni.

"Weka miguu yote miwili, Mama. Pamoja."

"Unanishonea viatu?"

"Nakupima ngazi."

Akaichora miguu yote miwili, imekaa kando kwa kando, akampa Mzee Randa boksi lile. Kila kidato kipya kilikatwa kwa kipimo hicho, na ubao wa kushikia ukawekwa kabla ya kidato cha kwanza. Ngazi ilijichukulia tena theluthi yake ya karakana. Mashine sasa iko barazani, na mvua ikinyesha fundi anaifunika kwa turubai bila kunung'unika. Mama yupo mlangoni, anachambua visigino vya watu.

Funzo langu kwenu

Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa guu lililokuwa livunjike ni la mkuu mwenyewe, kwa sababu ya ujuaji wa mwanawe. Ukijenga chochote nyumbani, anza kupima kwa mguu ulio dhaifu kuliko yote. Miguu yenye nguvu itapita tu. Mzazi akikuambia "nitazoea", usiseme amekubali. Muulize anachoogopa.

Na sisi wa upande wa pili wa ukuta tusijisafishe. Ukisikia nyayo zinafika kwenye ngazi na kurudi, weka chini vyombo vyako, uende ukabishe hodi.