Kisoma Kadi Kilichogoma Mlandege

Marehemu alilazwa juu ya meza, kafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

Inspekta Msabah alivua kofia. Miaka ishirini na saba kazini, keshaona mengi, lakini maiti ni maiti. Akakishika kitambaa kwa ncha za vidole, akakifunua taratibu.

Chini yake palikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye mkia wa waya.

"Ndo huyu?" akauliza.

"Ndo hicho, Afande," alijibu Shemsa, mwenye studio. "Kisoma kadi changu. Kimekufa tangu Jumapili."

"Nimeambiwa kituoni kuna kifo."

"Mimi sikusema kifo!" alidakia mwanamke mnene aliyesimama mlangoni, buibui kalikunja mkononi kama anayejiandaa kwa ngumi. "Mimi nimeshitaki wizi. Huyo askari wenu wa zamu ana masikio lakini hayamfai."

Huyo ndiye Bi Asila, mlalamikaji. Msabah alikuwa na miaka hamsini na minne, lakini mbele yake alijiona mtoto wa madrasa.

"Shikamoo, Bi Asila."

"Marahaba. Mkamate huyu."

Ilikuwa Jumatano asubuhi, Mfungo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, mwaka 2006, Mlandege, na harusi zilikuwa zimepamba moto mji mzima. Kwa nini alitumwa Msabah na si mwengine? Kwa sababu ndiye pekee kituoni mwenye cheti cha kompyuta. Kozi ya wiki mbili, Dar es Salaam. Cheti kilitundikwa ukutani ofisini kwake, kwenye fremu. Kompyuta yenyewe kituo kilikuwa bado kinaisubiri.

Koplo Wanu, mwanamke aliyekuwa msaidizi wake, alifungua daftari.

"Nini kimeibiwa?" Msabah aliuliza.

"Picha za Maha, binti wa kaka yangu," alisema Bi Asila. "Kaolewa Jumamosi. Kesho anaruka na mumewe kwenda Maskati, na picha lazima awe nazo mkononi. Huyu kila siku ana wimbo mmoja: mashine imegoma, mashine imegoma. Imegoma au kawauzia wanaume?"

"Bi Asila, muogope Mungu!" Shemsa alishika kifua.

Hapo ndipo palipokuwa na mambo. Picha zenyewe zilikuwa za ukumbi wa wanawake. Vichwa wazi, mabega wazi, watu wamejipamba wamejiachia. Mwanamume hatakiwi kuziona hata kwa bahati mbaya. Shemsa, mjane mwenye mabinti watatu, alikula na kuvaa kwa kazi hiyo tu. Wanawake walimvulia mtandio kwa sababu walimwamini.

"Nampa mpaka alasiri," Bi Asila alisema. "Nikisikia adhana na picha sijaziona, napita nyumba moja moja, Malindi mpaka Kikwajuni, nawaambia wanawake waitafute kadi wenyewe kwa waume zao."

"Ukifanya hivyo nshakwisha," alisema Shemsa, na machozi yakamtoka hadharani. "Nani atakaa tena mbele ya kamera yangu?"

Kwenye kiti cha pembeni, mama mmoja mwembamba alitikisa kichwa kwa huzuni, mikono juu ya mkongojo. "Maskini ya Mungu," alisema. "Basi wifi, msamehe. Picha kitu gani? Harusi tumeiona kwa macho."

Huyo alikuwa Bi Fatma, mama wa bibi harusi, mke wa kaka yake Bi Asila. Aliletwa kwa teksi awe shahidi, akaingizwa kwa kushikwa mkono. Magoti yake, alieleza bila kuulizwa, yalimfia mwaka wa nane sasa.

Msabah alianza kazi.

"Kadi yenyewe iko wapi?"

Shemsa aligusa kiunoni. "Kwenye pindo la kanga. Nalala nayo."

"Kwa nini hukumpelekea fundi?"

"Fundi gani, Afande? Mafundi wote wana ndevu."

"Na kamera? Haiingii kwenye kompyuta moja kwa moja?"

"Tundu lake la waya limevunjika tangu Idi."

Msabah alipiga magoti. Kompyuta yenyewe ilikuwa sakafuni, chini ya meza, mgongo imeupa ukuta, na waya zote zilichomekwa huko nyuma. Ilimbidi atambae kwa viwiko, makalio yake yakabaki nje. Koplo Wanu akatazama dari kwa adabu.

Alikichomeka kidude. Kompyuta ikaandika kwa Kiingereza kwamba kifaa hiki haikijui. Akaizima na kuiwasha. Haikijui. Akahamia tundu la pili. Haikijui vile vile.

"Mkanushaji sugu," alisema Msabah kutoka chini ya meza. "Lete kipanya."

Kipanya alikichomeka kwenye tundu lile lile la pili, kikatembea bila matatizo.

"Andika, Koplo. Tundu halina kosa. Sasa tunakipeleka hiki kwa jirani."

Shemsa aliruka. Jirani alikuwa Qais, mpiga picha wa pasipoti, mwanamume. "Usikipeleke! Watu wakiona tu kidude hiki kinaingia kwa Qais, mji mzima utasema nimempa picha!"

"Kadi si iko kiunoni kwako?"

"Mimi najua. Mji haujui."

Basi wakakivika bahasha ya polisi na kuiandika KIELELEZO NAMBA 1, na Koplo Wanu akakisindikiza hatua kumi na mbili hadi mlango wa pili. Kompyuta ya Qais nayo ikakikana. Qais, aliyekuwa anatokwa jasho, alijitetea kabla hajashitakiwa.

"Jumapili ulikuwa wapi?" Msabah alimwuliza.

"Dukani. Adhuhuri msikitini. Nilisimama safu ya kwanza, nyuma ya imamu."

"Studio ya Shemsa unaingia?"

"Mimi? Nikiazima gundi tu, nagonga dirishani!"

Walirudi. Msabah alikaa na kukitazama kidude mezani. Kompyuta mbili zimekikana. Kosa basi ni lake chenyewe. Ndani au nje? Kozi ya wiki mbili haikufika huko.

Hapo aliwaona sisimizi.

Walikuja kwa mstari mmoja, kutoka dirishani, wakapanda mguu wa meza, wakapita juu ya daftari la Koplo Wanu bila kujali serikali, wakaelekea moja kwa moja kwenye ncha ya waya. Wakaingia ndani ya kile kichwa cha chuma. Wengine walikuwa wanatoka wamebeba.

Msabah alitoa miwani. Akachukua njiti ya kiberiti, akachokoa. Kitu cheusi, kinanata, kikatoka na uzi. Akakinusa.

"Iliki," alisema. "Na samli."

"Halua!" alisema Koplo Wanu, ambaye saumu ilishaanza kumwuma.

Msabah alimgeukia mwenye studio.

"Bi Shemsa, nani kaleta halua hapa?"

"Bi Fatma, Jumapili. Kanletea kikapu kizima, shukrani ya harusi."

"Ulikula?"

"Niko kwenye sita za Mfungo Mosi, Afande. Nafunga. Nilikipeleka nyumbani tukafuturia. Nilivyokifungua nilikuta pembeni pana shimo la kidole. Nikajua ni mwenye duka anayeonja mali yake."

"Bi Asila?"

"Nafunga. Na Jumapili sikuja."

"Bi Fatma?"

"Nafunga, mwanangu," alisema Bi Fatma kwa sauti ndogo. "Na magoti haya."

"Kisoma kadi kilifanya kazi mara ya mwisho saa ngapi?"

"Saa tano," alijibu Shemsa. "Nilisafisha picha ya pasipoti. Bi Fatma alishafika, amekaa hapo. Ikaadhiniwa adhuhuri, nikaingia chumba cha nyuma kuswali. Niliporudi, kimekufa."

"Na Bi Fatma?"

"Nilimwacha hapo hapo kitini. Yeye huswali amekaa."

Msabah alimgeukia mama yule polepole, kama walivyofundishwa Chuo cha Polisi.

"Bi Fatma, ulikuwa peke yako humu."

"Nilikuwa peke yangu na Mola wangu."

"Ulikigusa kidude?"

"Mimi?" Bi Fatma aliunyanyua mkongojo. "Wewe mtu mzima umeingia chini ya meza hiyo ukatoka unahema. Mimi niingie na miguu gani? Muulize wifi yangu. Miaka minane sijakunja goti."

"Kweli," alisema Bi Asila, na mara hii sauti yake ilikuwa ya uchungu. "Bomba letu liko chini uwani, sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Ngazi hamsini na mbili. Kila siku ndoo mbili zake nazipandisha mimi. Kwa mkono wangu huu. Huyo hata udhu nampelekea. Afande, tafuta mwengine."

Utetezi ulikuwa wa chuma. Msabah alijikuna kidevu. Mwenye nafasi alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja hakuwa na magoti.

Akaagiza spiriti na pamba duka la dawa. Akafunga pamba kwenye njiti, akakisafisha kile kichwa cha waya mara saba, akakipuliza, akakianika juani dakika kumi huku Koplo Wanu akiwafukuza sisimizi kwa daftari. Kisha akayasugua na matundu mawili ya kompyuta, maana nayo yalishaonjeshwa. Akatambaa tena. Akachomeka.

Kompyuta ikalia mlio mwembamba. Ikakitambua.

"Alhamdulillahi!" Shemsa alipiga kelele. Akafungua pindo la kanga, akatoa kadi.

"Afande," alisema Koplo Wanu, "geuka."

"Mimi ndiye mpelelezi wa kesi hii."

"Geuka."

Inspekta Msabah akageukia ukuta. Mbele ya pua yake palikuwa na kalenda ya duka la nguo. Upelelezi wote uliobaki aliufanya akiitazama tarehe nane.

"Nieleze unachokiona, Koplo."

"Bibi harusi. Mashaallah. Bibi harusi na keki. Mashangazi. Bi Asila hayumo, Afande."

"Nilikuwa jikoni na masufuria ya biriani," alisema Bi Asila. "Watu mia tatu, nani angepakua?"

"Wapiga ngoma," aliendelea Koplo Wanu. "Watu wamefanya duara. Katikati kuna mtu anacheza." Akaiinamia kompyuta. "Ya Rabbi."

"Nini?"

"Kashuka mpaka chini, Afande. Kachuchumaa anakata kiuno, nguo kaikunja. Picha ya pili, bado yuko chini. Ya tatu, bado. Ya nne kapanda kwa mguu mmoja!"

"Nani huyo?"

Msabah alisikia tu nyayo za Bi Asila zikisogea kwenye kompyuta, moja, mbili, zikasimama.

"Fatma," alisema Bi Asila. "Hilo si gauni ulilovaa wewe?"

Mkongojo ulianguka sakafuni.

"Bi Fatma," alisema Msabah akiiambia kalenda, "huna lazima ya kusema lolote, lakini utakalolisema litaandikwa."

"Andikeni!" Bi Fatma alilia. "Andikeni, nimechoka! Ni mimi. Nimeingia chini ya meza. Nilimwona asubuhi akikichomeka, nikajua mdomo wake uko wapi. Nikakichomoa, nikatia kidole kwenye halua, nikaushindilia, nikakirudisha. Lakini saumu yangu haikuharibika, wallahi, hata kidole sikukilamba! Nimekipangusa kwenye buibui."

"Na ulitaka nini?"

"Nilidhani picha zimo humo kwenye kidude. Nikadhani kikifa, zimekufa nazo."

"Kwa nini?"

Bi Fatma alimsemesha wifi yake, si polisi.

"Mwezi wa kwanza yaliniuma kweli, Asila. Mungu shahidi. Mwezi wa pili yakapona. Lakini wewe ulikuwa unapandisha yale maji vizuri, hunung'uniki, nami nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa mwaka. Nikaona haya. Ikawa miwili, haya zikazidi. Sasa ningesemaje? Hiyo Jumamosi... Maha ni mmoja tu, wifi. Mwana wa pekee. Ngoma ilivyokolea nilisahau kama mimi ni mgonjwa."

Bi Asila hakupiga kelele. Hilo ndilo lililowatisha wote. Aliiangalia mikono yake, kiganja hiki na kiganja kile, sugu za ndoo za miaka minane. Kisha akamwendea Shemsa.

"Mwanangu, nimekutia midomoni mwa watu. Nimekuita mwizi mbele ya serikali. Nisamehe."

"Nshasamehe, Bi Asila. Lakini asubuhi kwenye soko la samaki ulishasema. Wameshasikia watu."

"Najua." Alijifunga buibui. "Niliahidi kupita nyumba moja moja, na nitapita. Malindi mpaka Kikwajuni. Nitawaambia picha zimo pindoni mwa Shemsa tangu Jumamosi, hata polisi kageuzwa ukutani." Akamtazama Bi Fatma. "Na aliyeyafanya haya atayasema kwa mdomo wake, kila mlango. Nyanyuka."

"Teksi?" aliuliza Bi Fatma kwa matumaini.

"Teksi ya nini? Miguu unayo. Nimeiona."

"Na kesi?" Msabah aliuliza ukuta. "Mlalamikaji, unaendelea na mashitaka?"

"Jela kuna ghorofa?"

"Hakuna."

"Basi haimfai. Atapandisha maji yangu nyumbani. Miaka minane, kisha tutasikilizana." Mlangoni aligeuka. "Shemsa! Ile ya kuchuchumaa, nitolee kubwa. Naiweka chumbani kwangu, juu ya kitanda."

Walipotoka, Msabah aliruhusiwa kugeuka. Kupitia dirishani aliwaona wawili hao wakikata barabara ya Mlandege. Bi Asila alihema nyuma. Bi Fatma alitangulia kwa hatua ndefu, mpaka Qais akatoka dukani kumshangaa.

Ilipoadhiniwa alasiri picha za Maha zilikuwa zimekwisha kutiwa kwenye albamu. Kabla ya magharibi walikuja wanawake wawili kuweka tarehe za harusi, na wote walianza kwa kuuliza, huku wakicheka, kama magoti yao yatatoka vizuri pichani. Shemsa aliwacheka nao, kisha akaenda chumba cha nyuma akalia kidogo kwa furaha.

Mkongojo hakuja mtu kuuchukua. Shemsa alimngojea mwenyewe wiki nzima, akaona haidhuru, akautundika ukutani kwa misumari miwili, na ndio unaoshikilia pazia la studio mpaka leo.